Aliyezimiwa Sauti

Kamera ilianza utovu wa adabu siku ya Jumatatu, Bi Ratiba akiwa katikati ya sentensi.

Ilikuwa kamera ya kisasa, imesimama katikati ya meza ya chumba cha vikao kama birika la chai, na kazi yake ilikuwa kumgeukia anayesema. Ukikohoa inakutazama. Ukinyamaza inakuacha, inamfuata mwenzako. Ofisi ile ya wasanifu majengo iliinunua kwa sababu nusu ya wafanyakazi walikuwa wakifanyia kazi majumbani mwao, na wateja walikuwa katika miji ya mbali, na Bosi alikuwa amechoka kuambiwa kwamba kinachoonekana ni kisogo chake tu. Bi Ratiba, meneja aliyeendesha vikao vyote, aliipenda kamera hiyo kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu zake. Yeye ndiye aliyesema kuliko wote, kwa hiyo ilimtazama yeye.

Sasa ikamwacha. Ilizunguka polepole, ikampita mhasibu, ikampita mhandisi aliyekuwa akichora vikaragosi badala ya kusikiliza, ikaenda kusimama mbele ya skrini kubwa ya ukutani, ikiikodolea pembe ya chini, mkono wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na picha ya mtu yeyote.

"Fundi," Bi Ratiba alisema, "chombo chako kimelewa."

Fundi Waya ndiye aliyeangalia skrini, maiki na spika zote za ofisi, na mifuko yake haikukosa waya ulioning'inia. Aliinuka, akaifuta kamera kwa upindo wa shati, akasema ni vumbi. Akaigeuza kwa mkono. Alipoiachia, ikarudi palepale.

Mteja mmoja, aliyekuwa kikaoni kutoka mji mwingine, akasafisha koo. "Samahani, Bi Meneja. Mpeni nafasi yule dada aseme. Amenyoosha mkono muda mrefu sana."

"Dada yupi?"

"Huyo mnayetuonyesha. Mwenye mtandio wa kijani."

Hakuna aliyeuliza mtandio gani. Mhasibu aliinamisha kichwa. Mhandisi aliweka kalamu chini. Bi Ratiba alibonyeza kitufe akakata kikao, kana kwamba mtandao umeanguka, na wote walisikia harufu ya mafuta ya karafuu ikienea chumbani, ingawa madirisha ya jengo lile hayakuwahi kufunguka tangu lilipojengwa.

Basi tumseme kwanza mwenye mtandio wa kijani, maana bila yeye hakuna kisa.

Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na wote walimwita Mchoraji. Kifua chake kilikuwa na pumu ya tangu utotoni, kwa hiyo aliruhusiwa kufanyia kazi chumbani kwake, nyumba ya kupanga yenye milango inayotazamana, naye aliuacha wake wazi mchana kutwa apate hewa. Alijipaka mafuta ya karafuu kifuani. Kila alipopita ofisini kuchukua karatasi, harufu ilibaki kwenye ngazi mpaka jioni. Na alikuwa na jini wake. Hilo nalo lilijulikana. Bibi yake alimwachia jini kama wengine wanavyoachiwa hereni, naye hakulificha jambo hilo wala hakujivunia. "Ni mpole," alikuwa akisema. "Nikilala vibaya ananiweka mto sawa. Hajawahi kuomba kitu." Wenzake walicheka, wakamtania kwamba amwombe huyo jini aje kumaliza michoro. Mimi naona hao wapole ndio wa kuogopa. Mwenye makelele unajua hasira yake inaanzia wapi.

Bi Ratiba naye alikuwa na desturi yake. Kikao kikianza, alishika rimoti ndogo akafunga sauti za wote waliokuwa nje ya chumba. Hakufunga nusu nusu. Alifunga kiasi kwamba mwenyewe huwezi kujifungulia. Ukitaka kusema, unanyoosha mkono, unasubiri zamu, na zamu aliipanga yeye. Akiona umezidi, anakukata katikati ya neno, na unabaki skrinini ukichezesha midomo kama samaki. Watu walishazoea. Walikuwa wakifanya mzaha kutafsiri midomo ya waliofungiwa, na mhandisi ndiye aliyekuwa bingwa wa mchezo huo.

Siku ya mwisho ya uhai wake, kabla kamera haijaanza vituko, Mchoraji alianza kushika kifua kikao kikiendelea. Akasema kitu. Akapunga mikono yote miwili.

"Tunakuona, bibie," Bi Ratiba alimwambia. "Shusha mikono. Zamu yako haijafika, hapa si sokoni."

Watu wakacheka. Mhandisi akaigiza sauti nyembamba: "Nipeni likizo, nipeni likizo." Wakacheka tena. Mchoraji alisogea karibu na kamera yake mpaka mdomo wake ukakijaza kisanduku cha picha yake kwenye pembe ya skrini, ukifunguka na kufumba, ukifunguka na kufumba. Halafu akarudi nyuma kitini, akatulia, macho wazi.

"Kaganda," mhandisi alisema. "Mtandao wa kwao unatembea na fimbo."

Wakaendelea. Fundi Waya aliitazama picha ile, akaona mtandio unapeperuka kidogo kwa upepo wa mlangoni, akajua kwamba picha iliyoganda haipeperuki. Alifungua mdomo. Bi Ratiba alimtupia jicho, naye akaufunga. Kisha Bi Ratiba, kwa kuwa yale macho yalikuwa yanamsumbua, akaificha ile picha kabisa. Kikao kiliendelea mpaka saa ya chakula. Jirani ndiye aliyemkuta alasiri, amekaa mbele ya kompyuta, na kompyuta ikimwonyesha viti vitupu vya ofisi.

Msibani Bi Ratiba alimshika mkono mama wa marehemu, mwanamke mzee mwenye goti bovu ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Mama yule aliuliza jambo moja tu. "Siku ile hakuwaita?"

"Hakuingia kikaoni kabisa, mama yangu. Tungejua tungekuja mbio."

"Hakuwaita," mama alirudia, kama anayejaribu kiatu kisichomwingia.

Nyuma yao alisimama Fundi Waya, ambaye usiku uliopita alikuwa ameifuta rekodi ya kikao kwa amri ya Bi Ratiba. Mhasibu na mhandisi walikuwa pale pia. Kila mmoja alikuwa na kibarua chake cha kulinda. Nikiwakumbuka wale wanne na nguo zao za msibani zilizopigwa pasi, natamani kuwatemea mate. Lakini sina haja. Kulikuwa na aliyewaona siku ile kuanzia mwanzo mpaka mwisho, amesimama nyuma ya kiti cha Mchoraji, na mto mkononi.

Baada ya Jumatatu ile mambo hayakutulia. Maiki za darini zilikuwa na vitaa vidogo vinavyowaka kijani zinaposikia sauti ya mtu. Mchana mmoja, wengine wakiwa wametoka kula, Fundi Waya alimwita Bi Ratiba chumbani humo. Hakukuwa na mtu, na mitambo yote aliizima. Vitaa vilikuwa vinawaka. Kimoja juu ya mlango, kisha kinachofuata, kisha kinachofuata, kama vile mtu anasema huku akitembea.

"Shoti ya umeme," Bi Ratiba alinong'ona.

"Nimechomoa kwenye ukuta, Bi."

"Sasa kwa nini unanong'ona?"

"Wewe ulianza."

Fundi akampa hedifoni. Bi Ratiba alizivaa kwa kiburi kilekile alichovalia kila kitu, na mwanzoni hakusikia chochote zaidi ya mvumo, kisha ndani ya mvumo akasikia pumzi, pumzi ya mtu anayevuta hewa kupitia tundu dogo kuliko la sindano, inaingia kwa mluzi na kutoka kwa mluzi, na kila ilipoingia ilikuwa karibu zaidi, mpaka haikuwa tena kwenye hedifoni bali shingoni kwake, baridi, na karafuu ikamjaa puani na mdomoni hata ulimi ukafa ganzi, naye akataka kuzivua akashindwa kwa kuwa palikuwa na viganja viwili juu ya viganja vyake, vimezibana hedifoni masikioni kwa utaratibu, bila nguvu nyingi, jinsi unavyomshika mtoto anayekataa dawa, na pumzi ile ikajaribu kutengeneza neno, ikashindwa, ikajaribu tena.

Alipozinduka alikuwa sakafuni na Fundi anampepea kwa kifuniko cha boksi.

"Umesikia anasema nini?" Fundi aliuliza.

"Hakuna aliyesema. Na wewe hujaona kitu."

Kesho yake mhandisi alituma ujumbe kwamba haji tena kazini, na simu yake haikupatikana. Bi Ratiba akampangia mtu mwingine nafasi yake. Alikuwa na sababu ya kukaza roho: mwisho wa mwezi Bosi alikuwa anastaafu, na yeye alikuwa ameshaahidiwa kiti chake. Alijiambia atavumilia harufu ya karafuu mpaka apate kile kiti, kisha atahamisha ofisi nzima.

Jini hakumfuata tena ofisini. Alimfuata mahali pengine.

Nyumbani kwake Bi Ratiba aliishi na binti yake, aliyemaliza shule na sasa alikuwa akisubiri chuo. Baba alikuwa ameondoka zamani kwa mke mwingine. Binti alipachikwa jina la Kasuku, na alilistahili. Aliongea akipika, aliongea akipiga mswaki, aliimba bafuni nyimbo asizozijua maneno. Alimsimulia mama yake ndoto zake mpaka mama akachelewa kazini. Bi Ratiba, aliyewafungia sauti watu wazima wenye familia zao, hakuwahi kumkatiza huyu hata mara moja. Alikuwa akikaa jikoni na viatu vyake vya kazi mkononi, anasikiliza. Kwenye dunia hii hapakuwa na kitu kingine alichokipenda namna hiyo.

Jioni moja wakiwa mezani Kasuku alikuwa anasimulia habari za rafiki yake aliyeangukiwa ngazini na mwalimu wao wa zamani. "Basi mama, akamdaka, na mwalimu naye akasema..." Sauti ikakatika. Midomo ikaendelea. Mikono ilionyesha jinsi mwalimu alivyoanguka, macho yalicheka, na mezani palikuwa kimya.

"Sema basi, mwanangu. Acha mchezo."

Kasuku alishika koo. Akajaribu tena. Kicheko kilimtoka machoni kidogo kidogo.

Daktari alimmulika kooni akasema koo ni zima, labda mshtuko, apumzike. Alipumzika. Hakupona. Na kila siku, saa ambazo ofisini ndiyo huwa kikao, kifua kilianza kumpiga mluzi, yeye ambaye hajawahi hata kukohoa vizuri, akawa anakaa kitini wima na kuvuta hewa kwa mdomo. Bi Ratiba alikuwa anapiga magoti mbele yake, anamshika mikono. Alijua mluzi ule. Siku ya tatu Kasuku alimwandikia kwenye simu: Mama kuna mtu amekaa kooni kwangu. Hataki kunidhuru. Anasubiri. Anauliza kama utasema.

Ndipo Bi Ratiba alipompeleka Kasuku kwa Mama Cherehani.

Mama huyu alikuwa mshonaji wa sare za shule, na aliongea na majini nyuma ya duka lake akiwa anaendelea kushona, maana wateja wa sare hawana subira. Alimsikiliza Bi Ratiba bila kuinua uso. Alimtazama Kasuku mara moja, akasimamisha mashine.

"Shikamoo yako, mgeni," alisema, na hakuwa akimwambia Kasuku. Akasikiliza kitambo. Akaguna, akaguna tena, uso ukabadilika.

"Mtoe, mama," Bi Ratiba alisema. "Nitafanya lolote."

"Huyu si wa kutolewa. Ana kesi. Nikimfukuza kwa moshi leo, kesho atarudi na hasira mpya juu ya ile ya zamani."

"Anataka nini?"

"Unajua anachotaka. Unaniuliza mimi ili nikupunguzie."

Bi Ratiba alianza kulia. Mama Cherehani alimwacha alie, akakata uzi kwa meno.

"Utamwambia mama wa marehemu ulichomfanyia binti yake," alisema. "Kwa mdomo wako, na akusikie. Yote. Ukimaliza, huyu anarudi kwao na mwanao anarudi kwako. Ndivyo alivyosema, na hawa hawasemi mara mbili."

"Yule mama goti limemshika, hatoki. Tunaweza kutumia skrini ya ofisini? Mpwa wake atamshikia simu."

"Marehemu mwenyewe alifia kwenye skrini. Tumia."

Alimpenda mwanawe, hilo tusimnyime. Lakini alikuwa mtu aliyezoea kupata vyote viwili. Usingizi haukuja, akawaza polisi, akawaza Bosi, akawaza kiti. Akamuwaza Kasuku. Akawaza tena kiti. Kulipopambazuka alikuwa amepata njia, na hata alitabasamu mbele ya kioo, maana ilikuwa njia ya kikazi kabisa.

Aliingia chumba cha vikao mapema, siku ambayo ofisi ilikuwa imefungwa. Fundi Waya aliunganisha mitambo. Bi Ratiba alichukua ile rimoti ndogo akafunga maiki za chumba. Duara jekundu likawaka juu ya meza kuonyesha kwamba sauti haitoki nje, naye akalifunika kwa boksi la tishu. Kisha akapunguza spika mpaka mwisho.

"Bi," Fundi alinong'ona, "ukifanya hivyo mama hatasikia kitu. Na wewe hutamsikia."

"Najua."

"Si ndiyo masharti? Asikie?"

"Jini yuko humu, atasikia. Mganga atasikia. Mama ataona nalia, atajua nimesikitika. Inatosha."

"Na mtoto je?"

"Mtoto ni wangu, si wako. Au hukipendi kibarua chako?"

Fundi Waya alitazama waya zake. Alikuwa amepewa nafasi ya pili ya kufungua mdomo, na wengi hawaipati, naye akaenda kusimama mlangoni.

Mama Cherehani akaja na Kasuku, amemshika mkono. Kifua cha binti kilipiga mluzi chumba kizima. Skrini ikawaka, na mama wa marehemu akatokea, amekaa kitandani, uso mkubwa na umechoka, mpwa wake akimshikia simu. Bi Ratiba akasimama mbele ya kamera, nayo ikamgeukia. Akasema.

Na alisema yote, huyo mwanamke. Alisema alivyomfungia sauti na alivyomkejeli, alisema alivyoificha picha yake kwa kuwa macho yalimkera, alisema alivyodanganya msibani na mkono wa mama ukiwa mkononi mwake. Machozi yalikuwa ya kweli. Kwenye skrini mama aliinamisha sikio kwenye simu. Midomo yake ikauliza. Aligonga sikio kwa kidole, akatikisa kichwa, akamgeukia mpwa, akauliza tena, na Bi Ratiba akawa anaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea maneno ya huruma.

"Mbona simsikii?" Mama Cherehani aliuliza. Alijua majini, vitufe hakuvijua.

"Analia, mama. Sauti haimtoki. Amesema amenisamehe."

Kamera ilijiondoa kwa Bi Ratiba, ikazunguka, ikasimama kwa Kasuku, ambaye hakuwa amesema neno. Wakati huohuo mluzi ukakoma. Binti alivuta hewa ndefu, kifua kikajaa, mabega yakashuka. Harufu ya karafuu ikaondoka, chumba kikabaki na harufu ya zulia na plastiki kama ofisi nyingine yoyote. Vitaa vya darini vikazimika vyote.

"Chumba hiki amekiacha," Mama Cherehani alisema, akijifunga mtandio wake aondoke. "Kama masharti yametimia, amekwenda kwao. Kama hayakutimia, mimi sijui amekwenda wapi, na sitaki kujua."

Bi Ratiba alimkumbatia mwanawe mpaka nyumbani. Njiani Kasuku alisinzia begani kwake, akipumua vizuri, na mama akawa anaapa kimoyomoyo kwamba hatamkemea tena mtu, atawapa wote muda wa kusema, hata mhasibu. Alimlaza sebuleni, akaingia jikoni kumpikia. Alikuwa anamenya vitunguu aliposikia mtu anaongea sebuleni, na moyo ukamruka kwa furaha, na mara ukaanguka.

Sauti ile haikuwa ya Kasuku; ilikuwa ya Mchoraji, nzito, ya taratibu, ikipumzika baada ya maneno machache.

"Mama, ni mimi. Usilie, sikiliza. Siku ile niliingia kikaoni. Niliwaita."

Bi Ratiba alisogea mlangoni, kisu mkononi. Kasuku alikuwa amekaa wima na simu mbele ya uso. Kwenye simu alikuwamo mama wa marehemu, mkono umeziba mdomo.

"Niliwaambia kifua kimebana, mpigieni jirani, mlango uko wazi, dawa iko juu ya kabati na mimi siwezi kusimama. Nilisema mpaka pumzi ikaisha. Walikuwa wananitazama, mama. Walikuwa wanacheka."

Mama mzee aliuliza kwa utulivu uliomtisha Bi Ratiba kuliko kilio.

"Nani alikuzimia sauti?"

"Yule aliyekushika mkono msibani."

"Na leo alikuwa ananiambia nini?"

"Hayo hayo. Alizima usisikie."

"Njoo nyumbani, mwanangu."

"Nakuja, mama."

Binti akainuka. Bi Ratiba aliangusha kisu, akakimbilia mlango akasimama mbele yake, akamshika mabega, akamwita kwa jina la shuleni na jina la nyumbani na majina yote ya kitoto aliyowahi kumpa tangu yuko mgongoni, akamwambia nitasema, mwanangu, nitakwenda sasa hivi nitasema kila kitu, nisubiri, na macho yale aliyoyazaa yalimtazama bila chuki na bila kumtambua, kama unavyomtazama mtu aliyekuzibia njia dukani, na kutoka kwenye mdomo ule ikatoka harufu ya karafuu.

"Nipishe, Bi Meneja," ile sauti ilisema.

Mikono yake ilimwondoa mlangoni kwa utaratibu, bila nguvu nyingi. Akatoka.

Bi Ratiba alimfuata kwa miguu hadi kule kwenye nyumba ya milango inayotazamana, ambako mama mzee alikuwa amehamia chumba cha marehemu kwa kuwa hakuweza kukaa mbali nacho. Binti aliingia bila kubisha hodi. Mama akajitokeza mlangoni, ameegemea mkongojo. Na pale uani, mbele ya majirani waliotoka na sufuria zao mikononi, Bi Ratiba alisema yote kwa mara ya pili, kwa sauti ya juu, mpaka ikakauka. Hakupunguza. Jirani aliyemkuta marehemu alikaa chini akashika kichwa. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Nimesikia," alisema.

"Nirudishie mwanangu, mama. Naomba. Nimesema yote."

"Sikumchukua mimi. Mwite. Akiitika nenda naye."

Bi Ratiba aliita. Ndani, binti alikuwa amekaa kitandani, amejitanda mtandio wa kijani, anajipaka kifua mafuta. Aliinua uso.

"Mama," alisema, "yule nani anapiga kelele?"

"Mtu wa kazini," mama mzee akajibu, na akafunga mlango.

Hayo ni ya mwaka jana. Kiti cha Bosi alikipata mwingine, na polisi walimwita Bi Ratiba, wakamwachia, wakamwita tena. Aliwaomba wamletee binti. Walikwenda, wakakuta msichana mtu mzima mwenye akili zake, anachora ramani za nyumba kwa mkono ambao haukuwahi kushika rula, anayesema hapa ni kwa mama yake na hamjui huyo mwingine. Mama Cherehani alikataa hata kumfungulia mlango.

Siku hizi Bi Ratiba hukaa kwenye ngazi ya duka linalotazama nyumba ile. Kila asubuhi binti hutoka kununua mkate, na kwa kuwa amelelewa vizuri, na Bi Ratiba anajua nani aliyemlea, hasahau kumwamkia mtu mzima aliyekaa njiani. "Shikamoo, mama," humwambia kwa ile sauti nzito, na hupita. Mwanzoni Bi Ratiba alikuwa akijibu kwa kumshika nguo na kulia, na binti akaanza kupitia njia nyingine. Kwa hiyo sasa hukaa ameituliza mikono yake magotini, humtazama mpaka akaribie, na husema marahaba, neno hilo moja tu, ili kesho apite tena.